Mwenye Makadirio Kichwani Hadanganywi na Skrini

Ramani huuweka mji wa Isiolo kwenye digrii 0 na dakika 21 kaskazini mwa ikweta. Kwa baharia, namba hiyo tayari ni jibu: kutoka Isiolo hadi ikweta ni maili 21 za bahari. Hana haja ya kuzidisha wala kugawanya, kwa sababu maili ya bahari iliundwa makusudi iwe sawa na dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja kati ya 60 za digrii. Leo mataifa yamekubaliana kwamba urefu wake ni mita 1,852. Akitaka kilomita, huzidisha 21 kwa mbili apate 42, kisha hutoa sehemu moja ya kumi na tatu hivi, yaani tatu, abaki na 39. Kazi yote huisha kabla mtu hajaitoa simu mfukoni. Mji huu wa soko la ngamia na malori ya Moyale uko mamia ya kilomita kutoka pwani, lakini unafaa kuwa darasa la hesabu ya meli kuliko bandari nyingi za Ulaya, na sababu ni ikweta hiyo hiyo. Kadiri mtu anavyokwenda mbali na ikweta ndivyo mistari ya longitudo inavyokaribiana, hata kule London dakika moja ya longitudo hubaki na urefu wa maili 0.6 tu. Hapa kwetu, dakika za kwenda kaskazini na za kwenda mashariki zina urefu ule ule, na ramani inakuwa kama karatasi ya miraba.

Tuchukue Isiolo na Lamu, miji miwili iliyofungwa pamoja na mradi wa LAPSSET, ule wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta unaokusudiwa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia kupitia Isiolo. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Mji wa Lamu uko digrii 2 na dakika 16 kusini, na longitudo yake ni digrii 40 na dakika 54 mashariki; longitudo ya Isiolo ni digrii 37 na dakika 35. Tofauti ya latitudo basi ni dakika 157, na ya longitudo ni dakika 199. Baharia hajisumbui na 157 wala 199. Huzichukua kuwa 160 na 200, akaona kwamba hizo ni 4 na 5 zilizozidishwa kwa 40. Kwa kanuni ya Pythagoras, 16 na 25 ni 41, kipeuo chake cha pili ni 6.4, na 6.4 mara 40 ni 256. Kikokotoo kitasema maili 253 na ushee. Kosa ni kama asilimia 1, na limepatikana bila kalamu. Kwa kilomita, mstari ulionyooka kutoka Isiolo hadi Lamu ni takriban 470.

Wengi huamini kwamba hesabu ya namna hii imekwisha kazi. Meli ya kisasa ina mitambo ya setilaiti, rada na ramani za elektroniki zinazoonyesha mahali ilipo kwa usahihi wa mita chache, pamoja na saa itakayofika. Basi ya nini afisa wa zamu kuhangaisha akili? Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo limeulizwa kombo. Hesabu ya kichwa haikuwekwa melini ishindane na mashine kwa usahihi. Ikishindanishwa hivyo itashindwa kila siku. Kazi yake ni kumpa binadamu kigezo chake mwenyewe cha kuipimia mashine, ili namba inapotokea kwenye skrini awe tayari anajua ilipaswa kuwa kama ngapi. Asiyekuwa na kigezo hicho hawezi kusema kwamba anaisimamia mashine, maana hana la kuiambia. Ukweli huu hauishii baharini, kwa hiyo una maana hata kwa msomaji ambaye hatakanyaga sitaha ya meli maishani mwake.

Kwanza tuzione kanuni zenyewe, maana ni nyepesi kuliko sifa zake. Mama wa zote ni kanuni ya dakika sita. Mwendo wa meli hupimwa kwa noti, na noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa. Dakika sita ni sehemu ya kumi ya saa. Kwa hiyo katika dakika sita meli huenda sehemu ya kumi ya mwendo wake. Meli ya noti 15 imekwenda maili 1.5, ya noti 22 imekwenda maili 2.2. Kilichofanyika ni kusogeza nukta. Muda ukiwa dakika tatu, jibu hugawanywa mara mbili. Ukiwa dakika 12, hurudufiwa. Ukiwa 18, huzidishwa kwa tatu. Kwa umbali mfupi, kama wa kuingia bandarini, nusu ya noti hutoa mita kwa sekunde: noti 8 ni mita 4 kila sekunde, yaani mita 240 kwa dakika, na jibu kamili ni 247. Kwa safari ndefu, kila noti ni maili 24 kwa siku, hivyo meli ya noti 10 huenda maili 240 kati ya adhuhuri moja na nyingine. Kwa uelekeo ipo kanuni ya sitini: kupotoka kwa digrii moja kwenye dira huisogeza meli kando maili moja kwa kila maili 60 inazokwenda. Aliyepotoka digrii 3 kwa maili 40 yuko maili 2 nje ya njia yake. Hata upeo wa macho una kanuni yake: chukua urefu wa jicho kutoka majini kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa mbili. Jicho lililo mita 25 juu ya maji huuona upeo ukiwa umbali wa maili 10 hivi.

Ukizitazama kanuni hizi kwa makini utaona kwamba hazidai kipaji. Akili ya kazi ilitumika zamani, wakati wa kuunda vipimo, na sisi tunavuna tu. Maili ilifungwa kwenye dakika ya digrii ili ramani isome umbali yenyewe. Noti ilifungwa kwenye maili na saa ili mwendo usome umbali. Mabaharia wa Ulaya wa karne ya 17 walipotaka kupima mwendo, walirusha majini kipande cha ubao kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi hadi mchanga wa shisha, ile chupa ya kupimia muda, uishe. Nafasi kati ya fundo na fundo ilikatwa kulingana na muda wa shisha. Kwa shisha ya sekunde 28, nafasi hiyo ni kama mita 14.4, kwa sababu chombo cha noti moja husogea takriban nusu mita kila sekunde. Baharia asiyejua kusoma aliweza kuhesabu mafundo saba na kutangaza noti saba. Hakugawanya chochote, aliyekata kamba alikuwa amekwisha kugawanya kwa niaba yake.

Majahazi ya Bahari ya Hindi yaliufikia ufundi huo kwa njia nyingine. Ahmad ibn Majid, mwanamaji Mwarabu wa karne ya 15 aliyeandika juu ya njia za bahari hii hadi Sofala, na wanamaji wenzake, walipima urefu wa nyota kutoka upeo wa macho kwa vidole. Kidole kimoja kilikuwa kama digrii moja na dakika 40 hivi. Umbali waliupima kwa zamu ya saa tatu za kusafiri, waliyoiita zam, na zam nane zilifanya kidole kimoja. Maana yake ni kwamba chombo kikielekea kaskazini sawasawa kwa siku nzima yenye zam nane, Nyota ya Kaskazini inapaswa kupanda kidole kimoja. Nahodha aliyeona nyota imepanda nusu kidole tu alijua papo hapo kwamba amekwenda nusu ya alivyodhani, au kwamba mkondo umemrudisha. Muda, umbali na nyota vilikuwa vimefungwa pamoja hata kuzidisha kukawa si lazima.

Je, kipimo hicho kilikuwa cha kweli au cha kujifariji? Tunaweza kukipima kwa hesabu hiyo hiyo ya kichwa. Kidole cha digrii moja na dakika 40 ni maili 100, na siku ina saa 24, hivyo mwendo uliofichwa ndani ya kipimo ni noti 4 na kidogo. Sasa tazama safari inayojulikana. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiongozwa na rubani aliyepewa na mtawala wa mji huo, akafika pwani ya Calicut tarehe 20 Mei. Tofauti ya latitudo ni kama dakika 870, ya longitudo kama dakika 2,140, na umbali wa moja kwa moja ni maili 2,300 hivi. Gawa kwa siku 26 upate maili 88 kwa siku, yaani noti 3.7. Vyombo vilikuwa vya Kireno, lakini upepo ulikuwa ule ule wa majahazi, na kipimo cha zam kilikaribia sana mwendo halisi wa bahari hii. Walioviunda vipimo hivyo walijua bahari yao inakwendaje, wakaihifadhi elimu hiyo ndani ya namba ndogo ambazo hata mwanagenzi angeweza kuzibeba.

Thamani ya namba ndogo huonekana zaidi pale muda unapokuwa mfupi. Meli mbili zinazoelekeana, kila moja kwa noti 15, hukaribiana kwa noti 30, yaani maili tatu katika dakika sita, au nusu maili kila dakika. Zikionana zikiwa umbali wa maili 10, zina dakika 20 kabla hazijakutana, na sehemu kubwa ya dakika hizo huliwa na kutambua, kuamua na kusubiri chombo kizito kiitikie usukani. Au tuseme kivuko kinajiandaa kuondoka Likoni, Mombasa, mahali ambapo njia ya abiria hukatana na njia ya meli zinazoingia Kilindini, na meli inaonekana maili moja mbali ikija kwa noti 8. Gawa 60 kwa 8: dakika saba na nusu. Kivuko kikienda noti 4, ambazo ni mita 2 kwa sekunde, mita 500 za kuvuka zitachukua sekunde 250, dakika nne na ushee. Sasa mwamuzi anajua kwamba nafasi ipo lakini si kubwa, na kwamba injini ikisita kwa dakika tatu nafasi imekwisha. Nayo Ever Given, meli ya urefu wa mita 400 iliyoziba mfereji wa Suez kwa siku sita kuanzia tarehe 23 Machi 2021, ilikuwa ikienda takriban noti 13 muda mfupi kabla ya kukwama. Nusu ya 13 ni mita 6.5 kwa sekunde, karibu mita 400 kwa dakika. Ilikuwa ikimaliza urefu wake wote kila dakika ndani ya mfereji usiofikia upana huo. Anayejua hivyo anaelewa kwa nini hapakuwa na muda wa kusahihisha.

Pingamizi la kwanza ni la haki: mashine husema haya yote kwa usahihi zaidi, bila kuchoka. Ndiyo, lakini mashine hukosea kwa tabia yake, na tabia hiyo ndiyo ya kuogopwa. Tarehe 10 Juni 1995, meli ya abiria Royal Majesty ilipwelewa kwenye fungu karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Hakuna aliyekufa, lakini ilikuwa maili 17 mbali na mahali maafisa wake walipoamini wapo. Muda mfupi baada ya kuondoka Bermuda, waya wa antena ya GPS ulikuwa umechomoka. Kifaa hakikunyamaza, kiliendelea kutoa namba nzuri, ila sasa kilikuwa kikikisia kwa mwendo na uelekeo tu, bila kujua upepo na maji vinaipeleka meli wapi. Maafisa walizisoma namba hizo kwa saa 34 hivi. Gawa 17 kwa 34: nusu noti. Kusukumwa kando kwa nusu noti, mwendo wa mtoto anayetambaa, kulitosha kuipandisha meli kwenye mchanga.

Msomaji mkali atasema kwamba mfano huu unanigeukia, kwa sababu kifaa kilikuwa kikifanya hasa makadirio ninayoyasifu. Sivyo. Makadirio ya kichwa hayampi baharia mahali alipo tu. Humpa pia ukubwa wa kutojua kwake. Nusu noti isiyoonekana ni maili 3 katika saa sita, maili 6 katika saa 12, maili 12 kwa siku. Mwenye hesabu hiyo kichwani hawezi kukaa siku nzima na usiku bila kutafuta ushahidi wa pili, iwe kina cha maji, boya, mnara wa taa au rada, kwa sababu anaona deni linavyokua saa baada ya saa. Kanuni ya sitini nayo ingemwonya: katika safari ya maili karibu 600, maili 17 za kando ni kosa lisilofika digrii mbili za uelekeo, dogo mno kuonekana kwa macho kwenye sindano ya dira. Kifaa kilikadiria mahali, lakini hakikukadiria shaka. Kazi ya kutia shaka ilibaki kwa binadamu, naye hakuifanya.

Kuna makosa mengine ambayo hesabu ya kichwa huyafichua kwa sekunde chache. Mnamo Juni 2017, zaidi ya meli 20 katika Bahari Nyeusi, karibu na bandari ya Novorossiysk, ziliona vifaa vyake vikidai kwamba ziko kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik, zaidi ya kilomita 30 mbali, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yalikuwa yameghushiwa. Kilomita 30 ni maili 16 na ushee. Kama skrini inadai kwamba meli imefika huko ndani ya dakika sita, inadai mwendo wa noti zaidi ya 160, na hakuna meli ya mizigo ya namna hiyo duniani. Lakini mghushi mwerevu hatakupeleka uwanja wa ndege. Atakusogeza polepole, maili moja au mbili, hadi uingie kwenye miamba au kwenye maji ya nchi nyingine, na hapo ulinzi pekee ni kulinganisha mwendo, saa na uelekeo kila mara. Uvurugaji wa mawimbi ya setilaiti umekuwa kero katika Bahari Nyekundu na Ghuba, njia zinazotegemewa na shehena za Mombasa. Si ajabu kwamba chuo cha jeshi la majini la Marekani kilirudisha mafunzo ya kusafiri kwa nyota mwaka 2015 baada ya kuyaacha kwa miaka kadhaa.

Pingamizi la pili husema kwamba kichwa nacho hukosea, na afisa wa zamu ya usiku wa manane ni mtu aliyechoka. Hili halikanushiki, ila linasahau jinsi makosa yanavyotofautiana. Mwenye kukadiria kwa kanuni ya dakika sita anaweza kukosa kwa sehemu ndogo ya maili. Ni vigumu akose kwa mara kumi, kwa sababu namba zenyewe ni ndogo na maana yake iko wazi. Mashine, kinyume chake, haikosei kidogo kidogo. Huwa sahihi kabisa hadi siku inapokosea kupita kiasi, kwa sababu mtu ameingiza namba 51 badala ya 15, au waya umechomoka. Mashahidi wawili wanaokosea kwa namna moja hawamfai hakimu. Wanaokosea kwa namna tofauti ndio wanaomfaa, maana uongo wa mmoja hauwezi kulingana na wa mwenzake. Na ule uchovu wenyewe ndio sababu ya kutumia kanuni rahisi. Aliyechoka hawezi kufanya hesabu ndefu, lakini kusogeza nukta anaweza.

Pingamizi la tatu ni la wajuzi, nalo ndilo zito zaidi. Bahari haitulii. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hukimbia kuelekea kaskazini, na wakati wa kusi unaweza kufikia noti 3 au 4 mahali pengine. Mwendo wa meli majini si mwendo wake juu ya ardhi iliyo chini, hivyo hesabu yoyote inayotegemea injini na saa itapotoka. Kweli itapotoka, na hapo ndipo faida yake ilipo. Tuseme chombo kinatoka Mombasa kwenda Lamu, umbali wa maili 130 hivi kwa mstari ulionyooka, kwa noti 12 za injini. Nahodha anatarajia saa 11 kasoro kidogo. Baada ya saa moja anapima kwa alama za nchi kavu na kukuta amekwenda maili 14. Zile maili mbili za ziada si aibu ya makadirio yake. Ni kipimo cha mkondo, noti mbili kwenda kaskazini. Sasa anajua safari nzima itachukua saa 9 na robo hivi, na anajua pia kwamba wakati wa kurudi maji hayo yatamla noti mbili, kwa hiyo mafuta lazima yahesabiwe kwa noti 10. Asiyetarajia kitu chochote angeona tu kwamba yupo alipo, asijifunze lolote kuhusu maji yanayombeba. Tarajio likitofautiana na kipimo, ile tofauti yenyewe ni habari, na habari hiyo haipatikani bila tarajio.

Linabaki pingamizi la nne, la msomaji wa Isiolo mwenyewe: sisi na noti wapi na wapi? Jibu la karibu liko barabarani. Barabara ya Isiolo hadi Moyale ni ya kilomita 500 hivi, na kanuni ya dakika sita haijui kama gurudumu liko juu ya lami au omo iko juu ya maji. Gari la kilomita 80 kwa saa huenda kilomita 8 katika dakika sita, na litahitaji saa sita na robo bila kusimama. Programu ya simu ikimwahidi dereva wa lori saa nne, inamtaka aendeshe kilomita 125 kwa saa njia nzima, na ahadi hiyo haifai kupangia safari. Kwa mita, chukua robo ya kilomita kwa saa kisha ongeza sehemu yake ya kumi: robo ya 80 ni 20, ongeza 2, upate mita 22 kwa sekunde. Dereva akikawia sekunde moja na nusu kabla ya kukanyaga breki, lori limekwisha kula mita 33. Usiku, kwenye barabara ambayo ngamia na ng'ombe huivuka wapendapo, mita 33 hizo ndizo zinazoamua kama atasimama au atagonga.

Jibu la mbali liko darasani. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya wamesoma katika somo la hisabati mada ya latitudo na longitudo, wakikokotoa umbali kwa maili za bahari na mwendo kwa noti. Wengi huichukua kama mada ya mtihani tu, yenye fomula ya kukariri na kikokotoo cha kubonyeza. Mwanafunzi akibonyeza vibaya akapata kwamba meli ilikwenda kwa noti 400, huandika 400 na kusonga mbele, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kwamba meli ya mizigo huenda noti 10 hadi 20 na ushee. Alijifunza fomula bila kujifunza ukubwa wa vitu. Hao ndio vijana ambao baadhi yao wataingia vyuo vya ubaharia vya Mombasa, au watafanya kazi kwenye bandari, malori na mabohari yanayofuata njia ya Lamu. Kuwapa kanuni ya dakika sita hakudai maabara wala fedha. Mji ulio dakika 21 tu kutoka ikweta una hata ramani inayorahisisha mafunzo, kwa sababu hapa cosine ya latitudo, ile inayofupisha dakika za longitudo, ni moja kasoro kiasi kisichohesabika, na mwanafunzi anaweza kuelewa kwanza na kujifunza cosine baadaye.

Sharti moja tu halina budi kushikwa, darasani, barabarani na kwenye usukani wa meli: makadirio yatangulie kipimo. Atakayetazama skrini kwanza, kisha akajiuliza kama namba ile inaelekea kuwa kweli, atakuta akili yake imekwisha kuegemea upande wa skrini na kuanza kuitafutia sababu. Kukadiria baada ya kuona jibu ni kukubali tu. Mwalimu na aulize jibu litakuwa kama ngapi kabla hajaruhusu vikokotoo vitolewe. Afisa wa zamu na aandike maili anazotarajia kabla ya kusoma GPS. Dereva na ajue saa yake ya kufika kabla ya kuwasha programu. Zikilingana, imani yake kwa mashine itakuwa imani yenye sababu. Zisipolingana, atakuwa amegundua kosa, liwe lake au la mashine, wakati bado ana nafasi ya kugeuza usukani.